Mhariri, tuchapishie mdoli wa kukata kwenye ukurasa wa watoto

Mhariri,

Salaam na poleni na kazi. Gazeti lako naletewa na baba watoto karibu kila jumamosi akitoka mjini, na likishasomwa kwetu halitupwi, nakatia nguo. Ombi langu linahusu hiyo hiyo karatasi. Naomba kabla shule hazijafungwa Desemba mtuchapishie kwenye ukurasa wa watoto ramani ya mdoli wa kitambaa, saizi yake kamili, yani mtu anakata na mkasi anaweka juu ya kitambaa anaanza kushona. Ombi ni hilo moja tu ila nisipoeleza limetokea wapi litaonekana jambo la kitoto, kwahiyo naomba nafasi kidogo.

Mi nashona nyumbani hapa Makorora, Tanga. Magauni ya vitenge, sare za shule, mapazia, na watu wakileta zipu zilizoharibika nabadilisha. Cherehani yangu ni ile Butterfly ya miguu niliyoachiwa na mama, na chini ya meza siku zote kuna kiroba cha vipande vilivyobaki. Miaka yote vipande vile nilikuwa nawapa majirani wakawashie jiko au navitupa, na nikipita kwa mafundi wenzangu kule Ngamiani naona ni hivyo hivyo, jioni kitenge kizuri kabisa kinafagiliwa pamoja na vumbi.

Likizo ya mwaka jana binti yangu mwenye miaka 6 alinunuliwa mdoli wa plastiki, nywele za njano, macho ya bluu, ukimlaza anafumba macho. Siku ya nne mguu ukachomoka. Mtoto akaniletea mguu mkononi akasema mama we si fundi, mshone. Sasa plastiki unaishonaje? Alilia mpaka akalala na ule mguu. Usiku ule nilikaa nikaangalia kile kiroba nikaona aibu kwakweli, nina uzi, nina sindano, nina vipande vya kujaza chumba kizima, halafu mwanangu analilia kitu ambacho bibi yangu alikuwa anakitengeneza kwa gunzi la mahindi na tambara moja.

Maana sisi tumecheza na kila kitu. Gunzi lenye ndevu zake ndo nywele hizo. Kokwa la embe lile lenye nyuzi nyuzi ukishalifyonza likakauka juani unalichana unalisuka. Nyasi unang'oa na mizizi yake, mizizi inakuwa nywele, unagawa njia unasuka twende kilioni. Na bibi mzaa mama, yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa anatusimulia mwana hiti, kile kimtoto cha mti kisicho na mikono wala miguu ila nywele zake zimechongwa vizuri kichwani, mwali akiwekwa ndani anapewa anamtunza kama mwanae, anamwogesha, anampaka mafuta. Leo mwana hiti watu wanaenda kuwaangalia makumbusho kwenye kabati la kioo, lakini kwa bibi alikuwa kitu cha kushikwa na cha kufundishia, kwamba kiumbe kidogo kinataka mkono mpole.

Basi kesho yake tukaanza. Mdoli wa kwanza nilikata kwa macho tu bila ramani na hakutoka vizuri. Shingo niliifanya nyembamba nikaona ndo uzuri, tulipomjaza kichwa kikaangukia kifuani hakikusimama tena. Mkono mmoja ukawa mnene mwingine mwembamba. Wa pili ndo nikachukua gazeti, nikalikunja katikati, nikachora nusu ya mtu ule upande wa mkunjo, nikakata, nikikunjua pande zote mbili ziko sawa. Kwa mdoli wa sentimita 30 shingo isipungue vidole vitatu, miguu iwe imenyooka tu, vidole vya mikono achana navyo kabisa. Unaacha nusu sentimita kuzunguka kote ya kushonea. Unashona ukiwa umegeuza ndani nje, mishono mifupi mifupi, shingoni na kwapani unapita mara mbili, halafu sehemu zilizopinda unakata vijipasuko vidogo usiguse uzi, bila hivyo ukigeuza kitambaa kinavutika vibaya. Unaacha tundu ubavuni la kuingiza vidole, unageuza, ile miguu unaisukumia na kichwa cha penseli. Ndo maana naomba ramani gazetini Mhariri, mimi fundi imenichukua midoli miwili kupata umbo, mama ambaye hajawahi kukata nguo atakata tamaa kwenye ule wa kwanza wenye kichwa cha kulala.

Kwenye kujaza ndo mama mkwe alipoingia. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pangani, siku tatu nzima amekaa kwenye mkeka hana la kufanya maana watoto wako kwenye katuni na mimi niko kwenye cherehani. Aliponiona najaza mdoli kwa vipande vya kitenge akaniambia mwanangu huyo atakuwa mzito kama jiwe, na ukimfua hakauki wiki nzima atanuka. Akasema tia sufi. Jamani sisi watu wa pwani sufi tunailalia kwenye mito tangu tumezaliwa halafu mimi sikuifikiria! Msufi ukipasua matunda yake inatoka ile nyuzi nyepesi kama moshi, haishiki maji kirahisi, zamani hata makoti ya kuokolea watu baharini yalikuwa yanajazwa hiyo. Akatufundisha kuchambua mbegu zote kabla ya kutia maana panya wanazifuata, na akatufunga watoto wote vitambaa puani kwa sababu vumbi lake linakohoza. Jambo moja tu, sufi inashika moto haraka mno, kwahiyo mdoli wa sufi asikae jikoni na sisi hatuchambui karibu na mshumaa hata umeme ukikatika. Ambaye hana sufi atumie pamba, au achambue mto wa zamani wa faiba aufue, ni sawa tu.

Yule bibi sasa. Macho yake hayaoni tundu la sindano, akawa anamwita mjukuu wake wa kiume ana miaka 9, "mume wangu njoo unitungie uzi," mtoto anatunga anampa, baada ya dakika kumi anamwita tena, mwishowe kijana akaona asumbuke nini kwenda na kurudi akakaa palepale kwenye mkeka. Ndo nikasikia mambo ambayo miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kuyasikia. Jinsi baba yao alivyokuwa mtundu, jinsi babu yao alivyokuwa akienda kwenye mashamba ya mkonge anarudi na singa za kamba, jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa kudarizi foronya na shangazi yake kabla ya kuolewa na akakataa, akafundishwa tena akapenda. Nadhani mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe. Ukimwambia mzee "bibi tusimulie" ananyamaza, ukimpa mkasi na tambara anasimulia mpaka adhana ya magharibi. Hakuna aliyezima TV siku ile kwa kuambiwa. Katuni zilikuwa zinaendelea peke yake mpaka kifurushi kikaisha na hakuna aliyegundua.

Naomba niseme kidogo kuhusu huyu kijana wangu. Kuna jirani alipita akamkuta ameshika sindano akasema dada huyu mtoto utamharibu, hiyo kazi ya kike. Nilimjibu kwa heshima ila hapa narudia kwa sauti: tembea barabara zote za Ngamiani uhesabu mafundi cherehani waliokaa barazani, wengi ni wanaume, wanalisha familia na wanasomesha kwa sindano hiyo hiyo. Vipi kitu ambacho mwanaume mzima analipwa kukifanya kimharibu mtoto wa kiume akikifanya nyumbani kwao na bibi yake? Sasa hivi kifungo cha shati lake la shule kikikatika anakishona mwenyewe, na mwezi uliopita alimshonea mdogo wake. Sisi shuleni tulikuwa na Sayansi Kimu na baadae ikawepo Stadi za Kazi, na mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 nia ilikuwa mtoto asitoke darasani mikono mitupu. Mengine yote yanayobadilika huko kwenye mitaala siyawezi, lakini mkeka wangu nauweza.

Turudi kwa binti maana kuna kitu kiliniumiza na ndo sababu kubwa ya barua hii. Tulipofika kwenye kuchagua kitambaa cha mwili nikamuonyesha kaniki na kipande cha rangi ya kahawa, akasema hapana mama nataka mweupe, mweusi mbaya. Ana miaka 6! Yeye mwenyewe maji ya kunde, mimi mweusi, bibi yake aliyekaa pale mweusi kunizidi na anampenda kuliko mtu yeyote duniani. Sikumgombeza. Nilinyamaza nikaendelea kukata ila mkono ulikuwa unatetemeka. Baadae nikaja kusoma kwamba kule Marekani miaka ya 1940 mtu na mkewe, Kenneth na Mamie Clark, wataalamu wa saikolojia, waliwaonyesha watoto weusi midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri yupi mbaya, na wengi wakasema mweupe ndo mzuri. Utafiti wao ulifika mpaka kwenye kesi ya Brown mwaka 1954 ambapo Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ile ilisema kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Yani midoli iliwekwa mezani kama ushahidi wa kitu kinachoendelea moyoni mwa mtoto. Sisi hatuna ubaguzi wa aina ile kwenye shule zetu za leo, lakini ukiingia duka la michezo ya watoto mjini angalia rafu nzima uniambie wangapi wanafanana na wanao.

Nikaamua asipewe hotuba, apewe kazi. Tulichukua nusu mita ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na nikamsimulia kwanini kinaitwa hivyo, kwamba karne ya 19 meli za Wamarekani kutoka Salem kule Massachusetts zilikuwa zinakileta Zanzibar mpaka watu wakakibatiza jina la nchi yao. Tukachemsha majani ya chai, ngumi mbili kwenye sufuria ya zamani, chumvi kijiko, tukalowesha kitambaa kwanza kwa maji matupu ndo tukakitumbukiza, tukaacha saa zima. Kila baada ya muda anachungulia. "Mama kimekuwa kama mkono wako." Tunaacha tena. "Mama sasa kama wa bibi." Hapo akasema kitoke. Alichagua mwenyewe Mhariri, kwa kulinganisha na mkono wa bibi yake, na mimi nilienda uani nikajifuta machozi kwa kanga.

Nusu mita ile ilitoa midoli mitatu. Nywele tulitumia uzi mweusi wa kusukia, ule wa kawaida wa saluni, unashona mistari kichwani unaacha ncha ndefu halafu wanasuka wanavyotaka, mabutu, njia tatu, wanafumua wanasuka tena, na binti yangu ambaye alikuwa akisukwa analia sasa anakaa kimya kwa sababu na yeye ana kichwa chake anakishughulikia. Nguo wamemshonea wenyewe kwa vipande vya kiroba na kila kipande wanajua kimetoka kwa nani, hii gauni ya harusi ya mama fulani, hii sare ya kwaya, hii kanga ya bibi iliyochakaa. Wakamfunga mtandio pia. Yule mdoli ana historia ya mtaa mzima mwilini mwake.

Macho ndo nataka kila mzazi asikie vizuri. Mdoli wa kwanza niliweka vifungo. Vinapendeza sana, vinang'aa. Mdogo wao ana mwaka na miezi minne, akakaa kwenye kona na yule mdoli kimya, na mtoto akinyamaza ujue, nilipomgeukia kifungo kimoja hakipo na shavu limevimba. Nilimuwahi kikiwa bado mdomoni nikakitoa. Mpaka leo nikikumbuka naishiwa nguvu miguuni. Kwahiyo nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitatu usiweke kifungo, shanga, wala kitu chochote kinachong'oka. Macho na mdomo tarizi kwa uzi, mshono wa mnyororo ukizunguka mara mbili unatoa jicho zuri kabisa. Na ukimaliza kazi sindano zihesabiwe, kwetu zipo tano kwenye kimto kidogo chekundu, hatuinuki kwenye mkeka mpaka zitimie tano. Na vipande vya kitenge au kanga mpya fueni kwanza, kuna nyekundu moja ilitoa rangi ikamwagikia mdoli mzima, na kitambaa kipya kina wanga, kikifuliwa kinapungua.

Sasa lile la umaskini. Binti alimpeleka mdoli wake kwenye birthday ya rafiki yake, na mama mmoja akaniuliza mbele za watu, tena kwa upole, kama hali imekuwa ngumu niseme wanichangie mtoto anunuliwe mdoli wa kweli. Najua alikuwa na nia njema na simlaumu. Lakini nimelifikiria sana hilo neno, wa kweli. Pale London kwenye makumbusho yao makubwa ya Uingereza kuna mdoli wa kitambaa aliyetoka Misri enzi Warumi wanaitawala, mwili wa kitani, ndani kajazwa matambara na mafunjo. Zaidi ya miaka 1,500 imepita na bado ana umbo la mtu, na kuna mama au bibi aliyekaa mahali akamjaza kwa vidole vyake kwa sababu ya mtoto mmoja tu. Yule wa dukani wa kwetu alimaliza siku nne. Huyu wa sufi ameburutwa, amenyeshewa, amefuliwa mara sijui ngapi, amepasuka kwapa na ameshonwa na mwenye mali mwenyewe. Sina ugomvi na wanaonunua, na wafanyabiashara nao wana watoto. Nachokataa ni mzazi kuona haya kumpa mwanae kitu alichokishona.

Na wala sio kwamba lazima uwe na cherehani. Midoli yote hii tumeshona kwa mkono, cherehani haikuguswa, kwa sababu mtoto wa miaka sita hana umri wa kuweka vidole pale. Ukiwa na sindano, uzi wa mia tano, mkasi unaokata na fundi jirani atakayekupa vipande, umeshatimia. Mafundi wenzangu nawaomba pia, wekeni kiroba nje ya mlango, anayetaka achukue. Mimi tangu Januari naweka changu na kila ijumaa kinaisha, watoto wa mtaa wanakuja "shikamoo mama, tumekuja vipande," na kuna kabinti kamoja ka darasa la nne kameanza kushona vishikio vya sufuria kanauzia kina mama wa genge.

Likizo hii mama mkwe ameshasema anakuja mapema, na amesema anakuja na sufi mfuko mzima kutoka kwenye msufi wa nyuma ya nyumba yake. Kijana anataka safari hii atengeneze mdoli wa babu mwenye kanzu na kofia, sijui ile kofia tutaishonaje lakini tutajaribu.

Kwahiyo Mhariri, ukurasa wako ukiukunja katikati unatosha mdoli wa sentimita 30 na nafasi inabaki ya maelezo mafupi pembeni, nimepima na futi kamba. Mstari wa kukata uwe mnene, mstari wa kushona uwe wa vidoti, na tundu la kugeuzia mliwekee alama wazi, hapo ndo wengi wanapokosea wanashona kote. Hata wino mweusi tu unatosha, rangi si lazima. Ramani yangu ninayo tayari, nimeikata kwenye gazeti lenu hilo hilo na nimeichora upya kwenye karatasi ya kaki isichakae. Mkinijibu hata kwa mstari mmoja kwenye safu ya barua, naipandisha basi la asubuhi siku hiyo hiyo.

Mama wa watoto watatu,
Makorora, Tanga